Kadi Ndani ya Sanduku la Shukrani

Jumapili ile mume wangu Védaste aliposimama mbele ya kanisa na kusema Mungu amemponya, mimi nilipiga makofi kuliko wote. Naanza na hilo ili asiwepo wa kusema kwamba nilikuwa na akili tangu mwanzo. Sikuwa nayo. Nilivaa kitenge kipya, nikaimba, nikalia, na alipotumbukiza kadi yake ya hospitali ndani ya sanduku niliona ni jambo la heshima sana.

Kanisa letu liko Bugarama, kwenye uwanda wa mpunga, ambako joto huanza kabla watu hawajanawa uso. Wengi wetu tulizaliwa ng'ambo ya mpaka, Uvira na Bukavu, tukarudi Rwanda na Kiswahili chetu, nyimbo zetu na desturi zetu. Desturi mojawapo ni sanduku la shukrani. Mtu akipona anasimama, anashuhudia, kisha anaweka humo kitu cha ugonjwa wake: fimbo aliyotembelea, bendeji, karatasi ya daktari. Kitu hicho hakirudi. Kukitoa ni sawa na kwenda kwa jirani kudai kuku uliyempa kama zawadi.

Kwenye kadi ya Védaste palikuwa na tarehe. Hilo ndilo sikulifikiria wakati napiga makofi.

Miaka ishirini na miwili Védaste alikuwa mlinzi wa maji wa ushirika wetu wa mpunga. Kila asubuhi alivaa buti zake za mpira, akachukua jembe, akatembea juu ya tuta la mfereji mkubwa kutoka mwanzo hadi mwisho, akitafuta mashimo ya panya na ya kaa. Shimo la kuingia kidole, likiachwa siku chache, linakausha majaruba ya watu kumi. Hakuna aliyeyajua maji yale kama yeye. Lakini alipoanza kuona damu chooni, alificha. Akasema ni bawasiri. Akasema ni pilipili. Miezi minane alificha, na mimi ndiye ninayefua nguo. Nilijua, nikangoja aseme mwenyewe, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea kuishi naye. Kungoja kule ni kosa langu la kwanza. Makofi ni la pili.

Aliposema mwishowe, tulikwenda hospitali ya huku, nao wakatutuma Kigali. Walikuta saratani, mwisho kabisa wa utumbo mkubwa, karibu na njia ya kutokea haja. Daktari wetu alikuwa mwanamke kijana, jina lake Uwimbabazi, na Védaste alipomwona mara ya kwanza alininong'oneza, "Kale katoto ndiko katanipima huko?"

"Ndiko," nikamwambia. "Na wewe ulale vizuri."

Alikaa wiki tano akipigwa mionzi na kumeza vidonge. Baadaye ikaja dawa ya mshipani, miezi minne, tukipanda na kushuka kwa basi kupitia msitu wa Nyungwe. Nakumbuka mengi mabaya, lakini mema nayakumbuka kwa majina na sura. Dereva mmoja alisimamisha gari msituni bila kuombwa, akazima muziki, akasema anataka kuangalia matairi, ili mzee wangu apate nafasi ya kwenda nyuma ya miti bila aibu. Mtu mmoja wa Bweyeye, mgonjwa naye, alitukatia nusu ya kiazi chake. Na kulikuwa na muuguzi aitwaye Mwavita, mzaliwa wa hapahapa Bugarama, ambaye kila mara kabla ya kumgusa mgonjwa alisugua viganja vyake mpaka vipate moto.

Dawa zikiisha alikuwa akatwe. Walituambia wazi: wataondoa sehemu ile yote, na kwa sababu uvimbe uko chini sana, haja itatokea tumboni, kwenye mfuko, maisha yake yote. Védaste aliitikia kwa kichwa kila neno. Usiku wake hakulala. Yeye ni sauti ya chini katika kwaya yetu, na hofu yake yote ilikuwa mfuko ule utoe sauti katikati ya wimbo.

Mwezi wa kwanza tukaenda kupangiwa siku ya kukatwa. Daktari akapima kwa kidole. Akaingiza mrija wenye taa. Akamwita daktari mwenzake. Wakampeleka kwenye mashine kubwa ya picha, ile inayogonga kama mafundi wa mabati. Siku ya pili akatuketisha.

"Mzee, sioni kitu," akasema. "Naona kovu tu. Dawa imeuyeyusha uvimbe wote, kwa kadiri macho yetu na mashine zetu zinavyoweza kuona."

Védaste akanishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu Byiringiro wetu azaliwe.

"Sasa sikilizeni vizuri," daktari akaendelea. "Kuna njia mbili. Naweza kukukata kama tulivyopanga. Au naweza nisikukate, tukawa tunakuangalia. Lakini kuangaliwa nako ni matibabu. Utakuja kila miezi mitatu kwa miaka miwili, halafu kila miezi sita mpaka mwaka wa tano. Katika watu kumi kama wewe, wawili au watatu hurudiwa, na wengi wao ni katika miaka hiyo miwili ya mwanzo. Tukiuona mapema, mara nyingi tunaukata na mtu anaishi. Usipokuja, utakua bila mtu kujua."

"Nitakuja," Védaste akasema. "Hata kwa miguu."

Nadhani alisema kweli. Lakini njia kutoka Kigali mpaka Bugarama ni ndefu, na maneno huanguka njiani. Tulipofika Nyungwe yalikuwa yamebaki mawili tu: sioni kitu. Tulipofika nyumbani na watu wakauliza, akajibu, "Hawanikati tena." Nao wakasikia: amepona. Mwezi wa pili tukachinja mbuzi, akashuhudia, kadi ikaingia sandukuni. Na mimi, niliyesikia maneno yote ya daktari kwa masikio yangu mawili, nikapiga makofi.

Mwezi wa nne Mwavita akanipigia simu.

"Bibi, mzee wetu yuko wapi? Siku yake imepita."

Nikamwambia habari ya sanduku. Akacheka kidogo, bila dharau. "Aje hata bila kadi. Tutamwandikia nyingine. Ila aje, Bibi. Tafadhali."

Nilimpa Védaste ujumbe wakati anakula. Akaweka kijiko chini.

"Mama Byiringiro, mimi nilisema mbele ya batu bote kama Mungu ameniponyesha. Leo nitoke, niende kuuliza munganga kama ni kweli? Si nitakuwa nimeita Mungu muongo?"

"Hawakusema umepona. Walisema hawaoni kitu."

"Mungu na yeye haoni kitu?"

Hapo nikafanya kosa la tatu, na ndilo baya kuliko yote. Nikamwambia twende kimyakimya. Tutasema tunakwenda kumsalimia Byiringiro kule Kamembe. Nani atajua kama tumepanda basi la Kigali?

Akasukuma sahani kando. "Nilikuficha damu miezi munane," akasema. "Sasa unataka nifiche tena?"

Nikaona haya. Alikuwa amesema kweli, na kweli yenyewe ilitufunga: hawezi kwenda kwa siri, na hawezi kwenda waziwazi. Siku zikapita, wiki moja, mbili. Kila alipokwenda chooni nilisikiliza kikohozi chake. Nikifua nguo, nilizigeuza mara mbili. Hazikuwa na kitu, lakini nilikwisha kujifunza kwamba mwanzo wa ugonjwa hauandiki barua.

Nikaenda kwa Mchungaji Munyaneza peke yangu. Nilitegemea anikemee. Alinivutia kiti kivulini, akaniacha niseme mpaka mwisho, halafu akauliza, "Kwenye kadi kuna randevu, siku ya kurudi?"

"Iko, Pasteri."

Akafuta uso. "Mimi niliiombea ile kadi. Sikuisoma." Akainuka, akaingia kanisani, akarudi. "Maman, sanduku halina kufuli. Halijawahi kuwa na kufuli. Nimletee leo?"

Moyo wangu ulitaka kusema ndiyo. Lakini nilifikiria mwezi wa nane, na wa kumi na moja, na miaka mitano nzima.

"Ukimletea wewe, atakwenda kwa heshima yako," nikasema. "Mara ya pili nani atamletea? Acha aitoe mwenyewe."

"Na asipoitoa?"

Nikaaga. Nilirudi nyumbani nikiogopa kwamba labda nimekosea kwa mara ya nne.

Wiki ya nne tangu siku yake ipite, asubuhi tunakunywa chai, akaja Nzabonimana. Huyu ndiye aliyechukua kazi ya maji baada ya Védaste kuugua, mtu mwema lakini anapenda kivuli. Alisimama mlangoni na buti zimejaa tope.

"Mzee, maji imekauka ku majaruba ya chini. Mupunga imeanza kuwa manjano."

"Tuta imetoboka wapi?"

"Karibu na daraja. Panya. Shimo iko kubwa, naingiza mukono mpaka hapa." Akaonyesha kiwiko.

Védaste akaweka kikombe chini polepole. "Panya hachimbi shimo ya kiwiko siku moja. Tangu lini haukutembea ku tuta?"

Nzabonimana akaangalia kuku wetu. "Siku tisa."

"Siku tisa!"

"Mzee, nilikuwa natembea. Wiki tatu nzima natembea, sioni hata shimo moja. Nikasema, ah, tuta iko muzima, wacha nipumuzike kidogo."

"Haukuona kitu!" Védaste akasimama, na kiti kikaanguka. "Ile kutoona kitu ndiyo kazi yenyewe! Unafikiri miaka ishirini na mbili banilipa juu ya mashimo nilipata? Balinilipa juu ya asubui zenye nilirudi nyumbani bila kitu ya kusema! Tuta iko muzima kwa sababu muntu alipita! Leo alipita, kesho anapita!"

"Mzee, mugonjwa alipona, lakini hasira yake haikupona," Nzabonimana akasema, akirudi nyuma.

"Toka! Hapana, ngoja. Leta jembe ile."

Wakaenda pamoja. Alirudi saa sita, matope mpaka magotini, akiwa na furaha ya mtu aliyeziba shimo. Nikampa maji ya kunawa. Nikampa chai nyingine. Nikakaa mbele yake nikakoroga yangu.

"Usiniangalie vile," akasema.

"Niko nakoroga chai."

"Unaniangalia na kijiko."

Nikaweka kijiko chini. Namshukuru Mungu kwa ulimi wangu siku ile, maana ulikuwa umejaa maneno na haukutoa hata moja. Védaste alikunywa chai yote. Akatazama mlima, upande wa kiwanda cha saruji, kama vile kuna mtu anashuka kutoka huko kuja kumjibia.

"Yule munganga mutoto," akasema mwishowe. "Alisema miaka miwili?"

"Miaka miwili kila miezi mitatu. Halafu mingine mitatu, polepole."

"Ni mirefu."

"Ulitembea ishirini na miwili."

Akakohoa, akaenda kuosha buti.

Jumapili iliyofuata, kwaya ilipomaliza wimbo wa kwanza, hakukaa. Alibaki amesimama katika safu yake ya nyuma. Nilijua atasema nini.

"Ndugu zangu," akasema, "mwezi wa pili nilishuhudia hapa. Sikudanganya. Lakini sikumaliza. Munganga alisema haoni kitu, na alisema pia nirudi, aangalie tena, na tena. Ile ya kurudi mimi niliimeza. Siku yangu ilipita, wiki tano sasa. Kadi yangu iko ndani ya sanduku. Ninaomba kuichukua."

Mama mmoja mbele yangu aliweka mkono mdomoni. Mzee Mulume, ambaye masikio yake yamechoka na hivyo huongea kana kwamba yetu nayo yamechoka, akauliza kwa sauti, "Ugonjwa imemurudilia?"

"Hapana, Mzee. Ninaenda kuangalia kama haiko."

"Na ukikuta iko?"

"Bataikata ikingali kadogo. Na nitakuja kukuambia wewe wa kwanza."

Mzee Mulume akafikiri. "Bon. Chukua basi, twende na wimbo wa pili. Watu tuna njaa."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa baraka kuliko baraka nyingi nilizosikia humo ndani. Mchungaji akafungua sanduku. Védaste akainama, akapekua kati ya fimbo na bendeji, akaitoa kadi. Ilikuwa inanuka dawa ya nondo. Mchungaji akaishika naye kwa mkono mmoja, na safari hii aliisoma, juu mpaka chini, kabla ya kuomba. Wiki ile niliambiwa kwamba Kamikazi, mama anayeuza nyanya karibu na soko, alipita kanisani siku ya kawaida akachukua kadi yake ya presha. Hakusema kitu, na hakuna aliyemuuliza.

Kigali tulifika Jumanne. Mwavita alipotuona hakutugombeza. Alisugua viganja, akamshika mzee mabega, akasema, "Karibu, mutu wa Bugarama." Daktari Uwimbabazi ndiye aliyetazama tarehe, kisha akatutazama sisi.

"Wiki tano," akasema.

"Ni kosa yangu," Védaste akasema.

"Ni letu," nikasema mimi.

Akavaa glavu. Mimi nikatoka, nikakaa kwenye benchi. Mwanamke nisiyemjua alisogea akanipa nafasi penye ukuta, niegemee, halafu akanipa nusu ya kitambaa chake nikalie, maana benchi lilikuwa na maji. Hatukuambizana majina. Nilihesabu vigae vya sakafu. Nilijiambia: akisema uvimbe uko, basi uko, tutauona ukiwa mdogo, nitafua mifuko kama ninavyofua nguo, na kwaya itaimba kwa nguvu zaidi ili mfuko usisikike. Nilijiambia hivyo mara nyingi. Mlango haukufunguka. Akaletwa mwenzake tena, yule daktari mwingine, akaingia, na hapo nikaacha kuhesabu.

Baada ya picha, siku ya pili, daktari alituketisha kwenye viti vilevile.

"Jana niliona sehemu imebadilika rangi," akasema, "ndiyo maana nilimwita mwenzangu. Tumeangalia kwa mrija, tumeangalia kwenye picha. Ni kovu. Jeupe, laini. Sioni kitu."

Nilitegemea Védaste anishike mkono kama mara ile. Hakunishika. Alikuwa amekwisha kutoa kadi mfukoni na kuiweka mezani, na kidole chake kilikuwa kwenye mstari mtupu.

"Tarehe," akasema.

Daktari akacheka, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, na kweli alionekana katoto. Akaandika mwezi wa nane.

Siku tuliyorudi Védaste hakuchinja mbuzi. Jumapili alisimama kwa muda mfupi tu, akasema, "Waliangalia, hawakuona kitu, wataangalia tena mwezi wa nane," akakaa. Mzee Mulume akasema amina peke yake, kwa sauti, kisha wote wakamfuata. Kadi sasa inaning'inia kwenye msumari ukutani, juu ya meza, mahali ambapo kila mgeni anaiona.

Na asubuhi siku hizi, kabla jua halijakuwa kali, Védaste huvaa buti zake, akampitia Nzabonimana, wakatembea wote wawili tutani. Kazi si yake tena; anasema anakwenda kunyoosha miguu. Nikisimama nyuma ya nyumba nawaona mbali, mmoja mrefu na mmoja amepinda kidogo. Aliyepinda huinama, hugusa udongo, husikiliza, huinuka, husonga hatua kumi, huinama tena.

Jana alirudi, nikamwekea chai.

"Umeona nini?"

"Hakuna kitu," akasema, akavuta kiti. "Kesho narudi."

Nikamwongezea sukari.